Wallahi Niliyoshindwa Kuitamka

Ukunda, Jumatano, 11 Machi 1998

Na kama tatizo si kompyuta peke yake?

Lori la shemeji yangu Hamisi lilikuwa likipata moto linazima ghafla, likipoa linawaka kama halina kosa. Leo nimeazima draya ya kukaushia nywele kwa jirani wa saluni, nikakipulizia hewa ya moto kile kisanduku cha kompyuta ya injini. Injini ikafa papo hapo. Nikafunga kompyuta nyingine, ya mtumba, nikaipulizia vivyo hivyo mpaka mkono ukachoka. Injini haikuzima.

Ningepaswa kufurahi. Lakini hapa gereji lori lilikuwa tupu, tena limesimama. Kesho linabeba mchanga wa Kinango, literemke nao ule mteremko mkali wa Kwale. Injini ikifa pale, usukani unakuwa mzito, na breki za upepo, injini isipozijaza...

Jioni dada yangu Zuhura, mkewe Hamisi, aliniletea chakula.

"Kaka, gari limepona?"

"Inshallah."

"Sikukuuliza inshallah. Sema wallahi."

Nikajitia kutafuta spana. Alisimama akaningoja, kisha akaondoka bila kuaga. Zuhura, ambaye huaga hata paka!

Nimemwambia Hamisi kesho nitapanda naye. Alicheka, akadhani nataka kulisikiliza gari. Sivyo, wala si ushujaa. Likizima mteremkoni, sitaki kuwa mimi wa kumpelekea Zuhura habari.