Tulizika Shina la Mgomba

Kaka Magesa,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Kiriba, si Bunda kwa mume wangu. Nimeitwa kwa ajili ya Mama. Tangu tukuzike wewe, anakwenda kwenye kaburi la mdogo wetu Mafuru na kulifukua kwa mikono, kama ulivyokuwa ukifanya. Hali chakula. Halali usingizi. Baba mdogo amekataa asipelekwe hospitali. Anasema sindano za Musoma ndizo zilizokuua.

Si kweli, na nimemwambia hivyo mbele ya wazee, wakanitazama kama nimewatukana.

Mafuru alipozama na mwili ukakosekana, walizika shina la mgomba badala yake. Na likishazikwa hilo, habari imekwisha. Haruhusiwi mtu kusema tena kwamba marehemu yuko majini. Lakini wewe ndiye uliyekuwa naye mtumbwini. "Mmezika mgomba!" ulikuwa ukipiga kelele. "Mafuru nilikuwaga nimemshika mkono!" Wakakuita kichaa.

Miaka ile ya shida hospitali haikuwa na dawa yoyote ya maana. Yule muuguzi mzee hakuwa na cha kukupa, basi akakupa kiti. "Haya, nieleze baba," alikuambia, nawe ukaeleza, ukalia mpaka shati likalowa. Mimi nilikuwa bado sijaolewa. Ulirudi umechoka, lakini ukinitania kwamba chai yangu haina sukari, utadhani nchi nzima ilikuwa nayo. Ila usingizi hukuupata. Sauti ulizokuwa ukizisikia usiku zilikuandama.

Kisha mambo yakafunguka. Maduka yakajaa sabuni na mitumba, na dawa nazo zikafika. Sindano ilikupa usingizi, Kaka, hilo sitalikana. Sauti zilinyamaza. Lakini foleni ikawa ndefu, muuguzi akastaafu, na hakuna aliyekuuliza neno tena. Unachomwa, unarudi. Watu wakasema umepona kwa kuwa umenyamaza. Kila nikija kuwasalimu nilikukuta umekaa tu, nyavu magotini, hata utani umekwisha. Inaniuma mno. Kimya chako kilimfaa kila mtu isipokuwa wewe, mpaka asubuhi ile ulipomfuata Mafuru ziwani.

Kwa Mama sikubali. Kesho nampeleka Musoma, Baba mdogo atake asitake. Kama ni sindano atachomwa, maana usingizi anauhitaji. Na tukirudi nitakaa naye jikoni nimwulize habari za Mafuru na habari zako, kwa majina yenu, wazee waseme watakavyo. Akilia nitamwacha alie. Akisema mwanawe yuko majini, nitamwambia ndiyo, Mama, yuko majini.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika, Kaka. Wewe walau tulikupata. Tulikuzika wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Nyanjura