Sauti ya Baba na Kisanduku cha Kuitunzia

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Kifua kimeachia? Wifi aliniambia ulikohoa wiki mbili mfululizo ukakataa kwenda hospitali, nami nikasema huyo ndiye kaka yangu hasa. Najua sote tumechoka na hospitali, lakini wewe nenda. Watoto nao wazima? Mdogo wao ameshaota yale meno ya mbele?

Sisi tunaendelea, tunashukuru. Kidonda cha Baba kimefunga vizuri. Anapumua kwa lile tundu la shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe ambacho hakubali mtu mwingine akifue. Anachotaka kusema anakiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, kama bado anabandika ratiba ya treni. Juzi binti yangu Kidoti alikuwa anaimba sebuleni, Baba akamwekea karatasi mbele: “PUNGUZA KELELE. MIMI NIMESHAPUNGUZA.” Tulicheka mpaka yeye mwenyewe mabega yakatikisika.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningeishia njiani.

Unakumbuka zile wiki tatu kabla ya operesheni ya koo, Baba alipojifungia chumba cha nyuma na kinasa sauti. Mtu aliyetangaza treni stesheni miaka thelathini na moja alijua tarehe ambayo sauti yake itaondoka, akaitumia yote. Alisimulia alivyokutana na Mama. Alitaja ukoo mzima, jina kwa jina. Alirekodi mpaka salamu za harusi ya Kidoti, mtoto wa miaka tisa. Mimi nikaziweka zote kwenye diski moja ndogo nyeusi, nikaiweka juu ya kabati, nikaridhika. Mimi, karani wa masjala, ninayewagombeza wenzangu kwa faili moja lisilo na nakala.

Desemba, Jumamosi moja asubuhi, Baba akashika sikio lake, ndiyo ishara yake ya kutaka kusikiliza. Nikachomeka diski. Ikaanza tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani. Kompyuta haikuiona. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikabadilisha waya. Tik, tik. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia pumzi ya shingoni mwake inaenda mbio. Sikuthubutu kugeuka.

Nikaikimbiza kwa fundi kompyuta wa mtaani kwetu, anaitwa Miwani kwa sababu anavaa mbili, moja machoni na moja kichwani. Akaiweka sikioni.

“Umeichomeka mara ngapi tangu ianze kulia hivi?”

“Labda sita.”

“Usingeichomeka hata ya pili,” akasema, basi.

Siku nne alikuwa anazinyonya rekodi kutoka humo kidogo kidogo. Kila saa ya chakula nilitoka kazini nikaenda kukaa kwenye kigoda chake, natazama namba zinavyopanda kwenye kioo cha kompyuta. Siku ya nne akanipa diski mpya akasema karibu zote zimetoka. Nililia mbele ya wateja wake.

Ndipo akatushauri tuwe na mashine inayokaa kwenye mtandao wa nyumbani, yenye diski zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila mtu asikilize kwa simu yake. Tununue iliyo tayari, au tuunde wenyewe. Hapo nyumba ikagawanyika.

Shemeji yako unamjua. Fundi umeme, hajawahi kununua kitu anachoweza kukiunga mwenyewe. Kazini kwao walikuwa wanatupa kompyuta za zamani, akaja na moja begani. Akasema akiiunda yeye, kipande kikiharibika kinapatikana duka lolote, lakini kisanduku cha kiwandani kikifa, tutakuwa mateka wa waliokitengeneza. Hakukosea. Mimi nilitaka kile cha kununua, kidogo, kimya, kitufe kimoja.

“Na wewe ukiwa saiti,” nikamwuliza, “nani atakiamsha?”

“Si mtanipigia,” akasema.

Akaunda. Nisimnyime haki yake, kazi ilikuwa safi, diski nne zimepangwa, waya zimefungwa kwa vifungo, ila feni ilinguruma kama friji kuukuu. Baba akawa anakaa dirishani na simu yake, anajisikiliza. Nikaanza kulala vizuri.

Mwezi uliopita shemeji yako akaenda saiti siku kumi. Siku ya tatu, mchana, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili feni ilinguruma lakini simu ya Baba haikupata kitu. Nikaunganisha kioo kwenye ile mashine. Maandishi meupe kwenye giza, na mwisho wake swali: irekebishe diski, ndiyo au hapana? Herufi mbili tu za kuchagua. Nikampigia shemeji, hapatikani. Nikampigia Miwani, amesafiri kwa msiba.

Kaka, nilikaa sakafuni mbele ya zile herufi mbili karibu saa tatu nzima, mikono nimeikalia, naogopa kidole kitateleza. Nilijiambia hivi ndivyo nitakavyomuua Baba mara ya pili, kwa kubonyeza. Kidoti aliporudi kutoka shule nilimzuia mlangoni asikanyage waya. Baba aliniletea maji, akasoma kioo, akanitazama.

Shemeji akapiga jioni. “Usiguse,” akasema. “Nisomee kila mstari.” Nikamsomea herufi kwa herufi.

“Bonyeza ndiyo.”

“Una hakika?”

“Sina,” akasema.

Nikabonyeza. Dakika arobaini haikusema kitu. Kisha ikaamka, na kila kilichokuwamo kilikuwamo.

Aliporudi ni yeye aliyesema tununue. “Nimewajengea kitu ninachokielewa mimi,” akasema, “na mnaokaa nacho ni ninyi.” Sasa kisanduku kiko rafuni, kimya, kina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, na betri ya kukishikilia umeme ukienda. Ile mashine yake haikutupwa. Inawashwa kila Ijumaa, inachukua nakala, inazimwa. Shemeji anasema amestaafishwa kwa heshima.

Hofu haijaniisha. Miwani ameniambia diski mbili zinatii kwa pamoja, nikifuta kitu kwa makosa zote mbili zitafuta. Na moto hauchagui, wala mwizi hachagui, atabeba kisanduku na mashine kwa safari moja. Lazima nakala moja ilale mbali na nyumba hii. Ndiyo hiyo diski iliyo kwenye kifurushi kinachokuja na barua hii. Ukiipata, hamishia kila kitu kwenye kompyuta yako, kisha uifunge mahali pakavu. Ukiisikia inagonga, ichomoe papo hapo.

Ukiifungua utatafuta folda yenye jina lako. Utaikuta, na ndani hamna kitu.

Miwani alisema karibu zote, neno hilo nimeliandika hapo juu. Tatu hazikutoka. Mbili ni Baba akipima kinasa sauti. Ya tatu ni yako. Sijui alikuambia nini, alikuwa amefunga mlango. Tangu Desemba kila ukipiga simu nakuambia zote zipo salama. Unisamehe.

Jumatano nilimwambia Baba. Nilisubiri hasira. Alishika kalamu, akaandika: “ILIKUWA DAKIKA KUMI NA MBILI. NILIJARIBU MARA NNE NDIPO NIKAWEZA.” Akaingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Jana jioni alitoka na bahasha iliyogundishwa. Nimeiweka chini ya diski. Sijaisoma. Ameniandikia nikuagize uisome kwa sauti, ukiwa peke yako, kwa sababu anasema siku hizi ukiongea kwenye simu anaisikia ndani ya sauti yako sauti yake ya zamani.

Naliogopa jibu lako, Kaka, lakini nijibu.

Mfikishie wifi salamu zangu, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Shemeji yako anakusalimu, na Kidoti anamwamkia mjomba. Mungu awafunike hapo mlipo, akupe pumzi ndefu, na atukutanishe tukiwa wazima wote.

Wako, dada yako mdogo akupendaye,
Kitindamimba