Kiti cha Kushoto

Jumapili, 11 Februari

Mwanangu Chiriku,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na goti linauma upande uleule. Natumaini huko kwenye baridi u mzima, na kwamba umenunua koti la maana, si lile la kufunika mabega tu.

Dukani kazi zipo. Watu bado wana redio za zamani, Mungu awabariki, na redio za zamani bado zinaharibika. Wiki hii nimetengeneza ya mwalimu mmoja, spika ilikuwa inakoroma kila besi ikipigwa. Nilipoiwasha ukatoka wimbo wa dansi, ule ambao gitaa linaanza peke yake kama mtu aliyetangulia kufika harusini. Mama yako angeitaja bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mimi nilijua redio, yeye alijua kilichomo.

Maharage yananishinda. Nayachemsha mpaka maji yanakauka na bado yananikodolea macho. Jirani yetu mshona nguo ameniletea bakuli, anasema amepika mengi. Mtu anayeishi peke yake anapikaje mengi? Nikala yote.

Jumamosi tulikwenda sinema, onyesho la saa kumi alasiri. Picha ya mpishi aliyefukuzwa hotelini akafungua mgahawa kwenye gereji. Nzuri, ila ina kelele. Tulikaa palepale, safu ya nyuma karibu na nguzo. Mkata tiketi anakusalimu. Anakumbuka ulivyokuwa ukisinzia picha ikianza, ukaamka taa zikiwaka, kisha ukamsimulia sinema nzima mpaka anafunga mlango. Jina lako lilitokea hapo.

Andika.

Baba yako


Jumamosi, 2 Machi

Shikamoo Baba yangu,

Koti nimenunua. Linafika magotini, ukiniona utadhani kengele inatembea. Afya nzuri, isipokuwa vidole, maana sabuni ya hapa kazini haina urafiki na ngozi.

Uliwahi kuniuliza tunafanyaje kazi huku chini ya hoteli. Shuka likitoka kwenye mashine tunalishika watu wawili, kila mmoja pembe zake mbili. Tunakwenda kukutana katikati, mikono inagusana, tunarudi nyuma, tunakutana tena. Mia mbili kwa siku. Mtu akichungulia atadhani tunacheza dansi na muziki umezimwa. Ninayekunja naye tunamwita Dada Mkubwa, japo ni mfupi kuliko sote.

Juu ya chumba changu kuna mtu anajifunza tarumbeta. Mwezi mzima wimbo mmoja. Akifika pale sauti inapopanda, inakatika, anarudi mwanzo, na jengo zima linashusha pumzi. Juzi aliipata. Mtu kwenye ngazi akapiga makofi. Sasa amehamia wimbo mwingine, na mateso yameanza upya.

Maharage yaloweke tangu jana yake, Baba. Chumvi mwishoni.

Kuna jambo. Umeandika "tulikwenda". Umeandika "tulikaa palepale". Nimesoma mara tatu. Mlikwenda na nani?

Binti yako,
Chiriku


Jumapili, 17 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nimeyaloweka, yamekubali. Asante. Mimi mzima wa mwili.

Umeuliza, nitakujibu, ila shangazi yako asisikie, maana atahamia hapa na mabegi yake aje kunichunga.

Ulipoondoka, mama yako bado alikuwa anaona mwanga. Mwaka uliofuata na huo ukaisha. Mimi nikajua sinema basi. Yeye akaniambia, "Macho yamestaafu, masikio bado yako kazini. Twende, utanisimulia." Tukaenda. Alikaa kushoto kwangu, nikawa namnong'oneza. Ameingia. Ana kofia. Anamtazama mwenzake, hasemi kitu. Nikinyamaza kidogo nitazame, alinigusa mkono kwa kidole kimoja na kusema, "Halafu?"

Sasa kosa langu. Siku moja picha iliisha vibaya. Dereva mmoja tuliyempenda tangu mwanzo alikufa kwenye ukungu, gari likiwa bado linaunguruma. Nikamtazama mama yako. Alikuwa anatabasamu, anasubiri. Sikuweza. Nikasema amepona, amefika kwake, mbwa wake amemtambua. Tangu siku ile hakufa mtu katika sinema zangu. Miaka mitano. Waliozama waliogelea. Walioachana walikutana sokoni. Hata majambazi niliwatafutia kazi. Aliwahi kuniuliza kwa nini muziki unalia na watu wanaoana. Nikamwambia ni furaha.

Kisha hospitali. Daktari aliniita mlangoni akasema wiki mbili, pengine zisitimie. Nikarudi nikakaa upande wangu uleule. Akanigusa kwa kidole. "Halafu?" Nikamwambia daktari anasema Ijumaa unarudi nyumbani. Akacheka kidogo, akasema basi nikaoshe mapazia. Nikaenda nikayaosha, mwanangu. Ijumaa hiyo ikapita, nikasema ni ijayo. Akafariki Jumatano.

Siku hizi nikikaa pale, taa zikizimwa, mkono wangu wa kushoto unapata joto. Nikinyamaza naulizwa. Hata dukani, nikizima redio kabla wimbo haujaisha, naulizwa. Sauti ni yake, haijabadilika, haina hasira. Ingekuwa na hasira ningepata nafuu. Maana haulizi habari za picha, anauliza ile ya mlangoni. Kama alikwenda hajui kwamba anakwenda, basi nilimnyima kuaga. Hakukuaga wewe, hakuniaga mimi. Na hakuna aliyebaki wa kuniambia kama alijua.

Baba yako


Jumapili, 21 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa mara ya pili bila kusikia salamu yako. Wiki tano. Labda ni posta, labda nimekutisha. Kama nimekutisha, nisamehe, uniandikie hata habari za tarumbeta.

Jumamosi kijana wa safu ya mbele aligeuka akaniuliza, "Mzee, unaongea na nani?" Nikamwambia na mke wangu. Akatazama kiti, akabeba bisi zake akahama. Mkata tiketi alinifuata na tochi yake akaniambia niendelee tu, ila nipunguze sauti.

Siku hizi simalizi picha. Ikikaribia mwisho natoka nje, nisije nikaulizwa.

Baba yako


Jumapili, 5 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepoa. Si posta. Barua zako zote mbili ziko chini ya mto wangu tangu zilipofika.

Baba, Mama alijua.

Najua kwa sababu aliniandikia. Alimpa maneno yule muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule ambaye ulisema viatu vyake vinalia kama vifaranga. Barua ilinifikia siku tano kabla ya simu ya shangazi. Nakunakilia yote. Sijapunguza wala kuongeza.

"Chiriku wangu, mwandiko si wangu, maneno ni yangu. Daktari amemwita baba yako mlangoni akamnong'oneza. Wenye macho wanadhani mlango ni ukuta. Nimesikia. Kisha baba yako amekuja kunisimulia mwisho mwingine, wa Ijumaa. Miaka yote hii ananibadilishia sinema. Muziki unazika watu, yeye anawafungisha ndoa. Usimwambie kwamba najua. Akijua ataacha kusimulia, na mimi sitaki siku zilizobaki ziwe kimya. Usije mbio. Ukitokea kabla ya wakati, atajua nimekuita. Njoo baadaye ukae naye. Umwambie amesimulia vizuri. Nawe, umekula? Mama yako."

Ndiyo hiyo. Sasa langu.

Ruhusa nilikuwa nimepewa. Sanduku nilikuwa nimelifunga. Nikalifungua, nikarudisha nguo moja moja kabatini, nikajiambia namtii Mama. Hadi leo sijui kama nilimtii au niliogopa kumwona. Kwenye msiba shangazi alisema mbele ya watu kwamba kwangu mashuka ya wageni yana uzito kuliko shuka la mama yangu. Ukamnyamazisha. Ukasema, "Hakujua. Angejua angekuja." Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Baba. Nilijua. Nikakuacha unitetee. Nikakaa siku nne, nikapanda gari nikarudi huku.

Mwezi uliopita Dada Mkubwa alinipeleka sinema, akisema nimekuwa kama kivuli. Binti mmoja yuko kwenye treni, anakwenda kwa mama yake aliyelazwa. Treni inasimama kila mahali. Hospitali, muuguzi anaingia chumbani, anaanza kukunja shuka la kitanda cha mama. Alivyolishika, pembe kwa pembe, nilijua mikono yangu. Nikatoka. Sikuona ilivyoisha.

Hasira zako zote ni halali yangu.

Binti yako,
Chiriku


Jumapili, 30 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Sijui wewe.

Wiki nane. Nimemwandikia mshona nguo, amenijibu kwamba duka unafungua na bakuli lake hujarudisha, kwa hiyo najua uko hai. Nikemee, lakini niandikie.

Mtu wa tarumbeta amehama. Jioni watu bado wanasimama kwenye ngazi wakisikiliza, halafu kila mmoja anaingia kwake.

Baba, sasa na mimi naulizwa. Nikikutana na Dada Mkubwa katikati ya shuka, mikono ikigusana, kuna mtu nyuma ya shingo yangu anasema, "Umekula?" Siku moja nilijibu. Dada Mkubwa akasema, "Nimekuuliza?"

Chiriku


Jumapili, 11 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Uhai ninao na afya si haba. Goti limeacha upande wa kulia, limehamia kushoto, nadhani lilitaka kubadilisha hewa. Bakuli nimerudisha, na maharage ndani yake. Mshona nguo ameonja, akasema chumvi imejificha. Nimechukulia ni sifa.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Wiki mbili sikuwasha redio hata moja. Wateja walipita mlangoni wakidhani nimefunga. Nilikuwa nakumbuka nilivyokutetea kwa shangazi yako, na wewe nyuma yangu umenyamaza.

Kisha nikamkasirikia mama yako. Miaka mitano ananigusa mkono, "Halafu?", na mwisho anaujua! Siku moja nilikuwa nachomelea waya, nikakumbuka alivyocheka kidogo, akanituma nikaoshe mapazia. Nikaelewa kilichomchekesha. Nilicheka peke yangu mpaka chuma cha moto kikanichoma suruali. Kumbe pale kitandani wasimuliaji walikuwa wawili.

Jumamosi iliyopita ile picha yako ya treni ilifika hapa kwetu. Mkata tiketi alinionya niingie na leso. Nikakaa palepale, na safari hii nikabaki mpaka taa zikawaka. Wewe ulitoka mapema, ndiyo maana unaumia bure. Nisikilize.

Yule muuguzi anakunja shuka kwa sababu mgonjwa amehamishiwa chumba chenye dirisha. Hilo hukuliona. Treni inafika. Binti anashuka, ana koti refu kama kengele. Hana mzigo. Anapanda ngazi mbili mbili, anauliza chumba, anaelekezwa. Anafungua mlango. Amewahi, Chiriku. Mama yake hamwoni, lakini hatua zake anazijua. Anamwambia, "Umekula?" Binti anasema bado. Mama anasema, "Basi kaa. Baba yako ameloweka maharage."

Ndivyo inavyoisha.

Nilipotoka, mkata tiketi alikuwa mlangoni anafuta macho, na watu bado wamesimama nje wakipenga makamasi. Nikamsimulia, nione kama nimekumbuka sawasawa. Akaacha kufuta macho. "Mzee," akasema, "sisi tumeangalia sinema moja kweli?" Nikamwambia yeye alisimama mbali.

Kabla ya kutoka, pale kitini, nilinong'ona yote, neno kwa neno, kama nilivyokuandikia. Nilipomaliza nikatega sikio kushoto. Sikuulizwa kitu. Mkono ulikuwa wa baridi, kama mkono wa mtu yeyote. Nilikaa pale mpaka mfagiaji akafika kwenye safu yangu, akafagia, akapita.

Ruhusa yako najua ni Desemba. Kiti kiko wazi, na mapazia nimeyaosha.

Muziki mwishoni ulikuwa unalia, hilo sikatai. Ni furaha.

Baba yako