Nyonga Yangu ya Kauri Naitunza, Mke Amekimbia

Mama Riziki mpendwa, nakuja kwako na fimbo yangu, nipokee hivyohivyo. Mimi ni fundi cherehani wa Nyamugari hapa Gitega, miaka hamsini na kitu, tumbo limetangulia na nywele zimeaga, na mwaka juzi nyonga yangu ya kulia iliyosagika ilitolewa kule Dar nikawekewa ya bandia yenye kichwa cha kauri, daktari akaniambia, "Tembea, baba, ila usichuchumae wala usianguke," nami nikarudi nyumbani kama bwana harusi, kumbe kosa langu ni kupita dukani kwa Nurmohamed anayeuza sahani, nikamuuliza kauri inadumu vipi, akaigonga moja kwa ukucha, akasema, "Sefu, kauri haichakai, inavunjika tu."

Tangu hapo, mama, nikaitunza kama vile vikombe vya wageni tunavyofungia kabatini, nikaacha soko, nikaacha msikiti nikawa naswalia kitini nyumbani, mke wangu Mwajuma ananiletea hata maji ya kunawa, na harusi ya binti yetu Kulthumu ilipofanyika nyumbani kwa wajomba zake Muyinga sikwenda kwa kuogopa mitikisiko ya gari, nikatoa idhini kwa simu, shemeji Chabani akakaa mahali pangu mkekani akamwozesha mwanangu. Mwajuma alikwenda harusini na hajarudi, nampigia ananiambia, "We baki na nyonga yako. Mi niliolewa na mtu, sikuolewa na kabati," na nyuma yake nasikia wanawake wanacheka, nami niliyezoea kujicheka mwenyewe safari hii nilishindwa. Sasa nikinyanyuka paja linatetemeka, nadhani kauri imeanza kulegea. Je, itadumu? Na nimlazimishe vipi mke arudi?

Sefu, Nyamugari

Sefu, pole, na pole yangu inaishia hapo. Daktari alikupa maelezo, we ukaenda kuyahakiki kwa muuza sahani! Kauri ya nyonga si ya kunywea chai. Imetengenezwa ibebe mwili, pamoja na hilo tumbo. Inasagika kidogo mno, wengi hukaa nayo miaka ishirini na zaidi. Kuvunjika kupo, sikudanganyi, lakini ni nadra. Mi si daktari, ila nashuku kinachotetemeka ni nyama za paja zilizokosa kazi. Usibahatishe: wiki hii nenda hospitali ukapigwe picha ya nyonga. Na siku yoyote ikianza kulia kama bawaba, ikiuma, au ukianguka, usingoje. Daktari akikuruhusu, anza kutembea. Leo kwa jirani, kesho msikitini.

Kuhusu Mwajuma, hilo neno "kumlazimisha" limeze. Ulikuwa na mke, ukamfanya mtumishi wa mgonjwa aliyekwisha kupona. Na harusi ya Kulthumu haitarudiwa. Hiyo umeipoteza, usitafute wa kumlaumu. Ukisharuhusiwa, panda gari, kaa mbele, shuka Muyinga, ingia kwa Chabani kwa miguu yako. Omba kiti, wakicheka wacheke. Muombe radhi binti kwanza, kisha mama yake. Akikataa kurudi, ana haki yake; utageuza urudi Gitega peke yako, bila kununa.

Unauliza kama itadumu. Kauri haiozi, Sefu. Siku tukikuzika utaoza wewe, yenyewe itabaki huko chini inang'aa, kama haijawahi kutumika.

Mama Riziki