Mkono wa Kushoto wa Mjomba Alcide

Mtaa wa Dumaine,
New Orleans.
14 Novemba 1988.

Mpendwa dada Vernelle,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko Oakland na baridi yenu? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu na paa la Mama, na vyote viwili nimeahidi kuvitengeneza.

Najua unataka habari za Mjomba Alcide. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto umelala tu mapajani kama paka. Mtu aliyepiga ngoma Chicago na Paris, ambaye nyimbo zake bendi zote za mtaani huziiba bila haya, akawa wa kukaa barazani akiwakemea wapita njia eti hawatembei kwa mdundo! Vijiti akavifungia kabatini. Mama aliogopa kwamba asipovitoa, hatakaa nasi sana.

Kisha akafariki Mzee Octave, mpigaji wake wa ngoma kubwa tangu ujana. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atamsindikiza mwenzake kwa ngoma. Asubuhi ya maziko Mjomba akanijia karakanani, kavaa kofia ya bendi.

"We Numa, nahitaji mkono wa kushoto."

"Mjomba, wanafunzi wako wamejaa mji mzima. Wengine wana rekodi!"

"Wale wana mikono miwili, wataninyang'anya ngoma. Wewe nilikufundisha mmoja tu, tena kwa taabu."

Unalikumbuka darasa lake: ngoma chache, watoto wengi, basi akatupanga wawiliwawili, huyu kulia, yule kushoto. Wewe ulikuwa kulia kwangu, ukinitia kiwiko kila nilipochelewa. Wenzetu walihitimu wakapewa mkono wa pili. Mimi nikaenda kuwa fundi bomba.

Basi tukaining'iniza ngoma kati yetu, leso imepachikwa chini ya zile nyuzi za chuma zinazoitatarisha ngozi yake, ili isilie kwa ukali, tukaenda polepole nyuma ya jeneza. Jasho lilinitoka, dada!

"Unakimbia," akaninong'oneza. "Octave hana haraka tena."

Na Bi Eulalie wa kanisani, unamjua mdomo wake: "Jamani, mnyama gani huyu wa vichwa viwili?"

Jeneza lilipoachiwa liende makaburini, sisi tukabaki njiani kugeuza huzuni iwe ngoma ya furaha kama ilivyo ada, Mjomba akabana kijiti kwapani, akaichomoa leso. Ngoma ikafoka. Sijui nikuelezeje. Mkono ule mmoja ulicheka, ukalia, ukamwita Octave kwa jina. Wangu ulikokoteka tu nyuma yake, lakini Mjomba hakuuacha uanguke. Watu walishuka barazani na miavuli yao wakacheza, Bi Eulalie mbele.

Tangu siku hiyo vijiti havijarudi kabatini. Kila Jumatatu, maharage mekundu yakiwa jikoni, tunafanya mazoezi ya wimbo wake mpya: ngoma moja, mikono mitatu.

Nikamuuliza, "Wa tatu wa nani?"

"Wa yule wa kiwiko. Mwandikie."

Zamu yako ikifika tunanyamaza wote wawili, tunakusubiri, halafu tunaendelea. Kunyamaza huko, dada, kunanichosha kuliko kupiga.

Mama anakusalimu, na Bi Eulalie pia, kwa sauti. Mungu akutunze pamoja na watoto, akufungulie njia, na akulainishie hicho kiwiko.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye hata anapochelewa,
Numa