Bomba la Chumba cha Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Vumbi tena. Meza nimeifuta asubuhi, nimeifuta mchana, na jioni nimeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Foleni ya malori ya mpakani imefika mbele ya geti letu. Kufungua dirisha ni kuikaribisha barabara ndani. Ndiyo maana aliyejenga nyumba hii aliweka kiyoyozi kimoja kikubwa, na darini mabomba ya bati ya kupeleka hewa kila chumba. Tulipoinunua hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Siku hizi kikiwashwa kinatema vumbi kuliko dirisha.

Mume wangu Asukile kapiga simu. Yuko Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na lori. Baba yake anakuja kwetu Jumamosi kutoka kijijini Ibaba. Kifua. Daktari anataka akae karibu na hospitali mpaka dawa iishe, mbali na moshi wa jiko lake. Pasaka alikohoa vumbi hili siku moja tu akarudi mlimani. Akirudi tena safari hii, hatapona. Asukile hakulitamka hilo. Nilimwelewa tu.

Nimemwambia nitabadilisha mabomba. Kasema nitafute fundi. Fundi ninayemjua yuko Mbeya na simu hapokei. Mimi nashona viti vya malori na maturubai. Bomba ni mkono wa shati tu, refu kidogo. Nitafanya mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezima umeme wa nyumba nzima, nimevaa ovaroli la Asukile, nimepanda darini.

Heri nisingepanda. Bati limeoza, maungio yameachia, panya wamejenga mtaa. Mashine ikiwaka inavuta uchafu wote huo na kutupulizia usoni. Miaka yote tumekuwa tukivuta panya na kusifia ubaridi.

Nimekohoa mpaka Mama Sekela, jirani yangu, akaja kuuliza kuna nini. Kaniona, kacheka mpaka akakaa chini. Lakini ngazi yake ndefu kaniazima.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimevuka mpaka hadi Nakonde. Muuza vifaa kanisalimia kwa lugha yao, "mulishani, bamayo", yaani habari, mama, kisha kaniuliza fundi wangu yuko wapi. Nikamwonyesha mikono yangu. Kacheka. Kisha kaona mimi sicheki, akaleta mzigo.

Nimenunua mabomba laini, yale ya kukunjika, yaliyovishwa sufi na karatasi ya kung'aa. Na utepe wa gundi, na mikanda ya kuyaning'iniza. Mwenye bodaboda kakataa kuyafunga nyuma yasije yakachanika, kavaa moja shingoni. Tumepita mjini hivyo. Watu wametupisha.

Nimefurahi leo. Sijui kwa nini mambo ya mafundi yananipa raha hivi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimejifia kwa aibu. Niandike kabla sijaanza kucheka tena.

Nilikuwa darini tangu asubuhi. Sebule nimemaliza, chumba chetu nimemaliza. Nikasikia geti, kisha sauti ya Mama Sekela ikimkaribisha mtu, ikimvutia kiti, ikimwambia apumzike yeye anakimbia sokoni. Mlango ukafungwa. Kisha kikohozi.

Baba mkwe. Siku mbili kabla. Alipata lifti ya gari la viazi, akaona haina haja ya kungoja Jumamosi.

Kwetu Undali mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Hata hapa siliandiki. Si ugomvi, ni heshima, nami nimeishika tangu niolewe. Maneno hupitia kwa mtoto, lakini Neema wetu yuko shule ya bweni. Na sasa mzee amekaa chini ya tundu la kupandia dari, ngazi iko mbele ya magoti yake, na mkamwana wake yuko juu ya kichwa chake. Kwa ovaroli.

Nililala kimya juu ya boriti. Joto. Jasho. Nyundo ikaniponyoka.

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha sauti yake ikanijia sikioni, karibu kabisa, kutoka ndani ya bomba la zamani la chumba cha wageni ambalo ncha yake nilikuwa nimeifungua. Alikuwa ameondoka kitini, ameingia humo, amesimama chini ya tundu la hewa. Hakusema na mimi. Alisema na bomba.

"Wewe bomba, huko juu kuna panya au kuna mkamwana wangu?"

Nikatia mdomo kwenye bati. "Bomba linasema ni mkamwana, Baba. Shikamoo."

"Bomba, mwambie marahaba. Mwambie mimi natoka nje kutazama malori, ashuke taratibu asivunjike mguu."

Akatoka. Nikashuka nikakimbilia jikoni, nikacheka ndani ya kanga mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bomba ndilo mtoto wetu sasa. Chumba cha mzee na jikoni vinachangia bomba moja la bati, linagawanyika darini. Anaposema chumbani kwake namsikia juu ya jiko kama yuko nyuma yangu. Leo asubuhi limetumwa kuniambia kwamba chumvi ya uji imepotea njia. Nikaongeza chumvi. Mama Sekela akampelekea. Bomba likarudi kusema chumvi imefika salama.

Mchana kasimulia habari za Ibaba. Viazi, ukungu, ng'ombe aliyeingia kanisani. Nimemjua baba mkwe leo kuliko miaka yote ya ndoa. Ni mtu wa mzaha! Asukile hakuwahi kuniambia.

Lakini anakohoa. Bati lile bovu ndilo linalompulizia. Kwake kumebaki mwisho kwa kuwa yumo ndani, na siwezi kwenda kupiga nyundo juu ya kitanda chake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Sekela kampeleka hospitali. Nami nikapanda mara tu geti lilipofungwa. Nimeng'oa bati la chumba chake na la jikoni, nimeweka mabomba laini, nimeyavuta yakanyooka, nimefunga maungio kwa utepe mara mbili. Nikawasha. Hewa safi, baridi, haina harufu. Nimepitisha kitambaa cheupe kwenye tundu la chumba chake, kimetoka cheupe.

Nimejisifu mwenyewe jikoni kwa sauti. Nani mwingine wa kunisifu?

Jumanne, 14 Oktoba

Hakusema lolote leo. Nimemsalimia kupitia bomba asubuhi, kimya. Nikamwuliza habari ya dawa, kimya. Pengine amechoka na safari ya jana.

Jumatano, 15 Oktoba

Kimya bado. Uji umerudi nusu. Nimekasirika. Nimetambaa darini siku zote hizi, nimekula vumbi la panya kwa ajili yake, na sasa ananinunia. Nimekosa nini? Nyundo? Ovaroli? Kumtuma Mama Sekela amwulize naona aibu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi Mama Sekela kaingia jikoni kafunga mlango. Mzee amefunga begi. Kamwuliza gari la kwao Ileje linaondoka saa ngapi. Dawa hajafikisha hata nusu.

Nikamwambia sijui nimemkosea nini. Mama Sekela kanitazama. Kasema mzee naye anauliza hilohilo. Eti siku mbili anaita bomba, anaita, mkamwana hajibu. Kaona amechokwa. Na mkwe aliyechokwa hangoji kuambiwa.

Nikakaa chini. Kisha nikainuka, nikaweka redio jikoni chini ya tundu, nikaifungua sauti yote, nikamtuma Mama Sekela akasikilize chumbani kwa mzee. Karudi anatikisa kichwa. Hasikii kitu.

Sufi. Sufi ya mabomba mapya inameza sauti. Nimemletea mzee hewa safi nikamkata ulimi. Nimecheka, halafu nimelia, halafu nimemwambia Mama Sekela akamwombe mzee anipe siku moja tu. Amwambie bomba linaumwa, linatibiwa.

Jibu limekuja. Hata yeye anatibiwa. Atangoja mpaka kesho.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijakaa tangu alfajiri. Katika lundo la bati nililotupa uani nimechagua vipande ambavyo havikuoza. Nimevisugua kwa brashi ya waya, nimeviosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka vikang'aa. Nimeviunga kwa riveti, kila ungio nimelifunga kwa utepe. Ndani bati tupu, sauti ipite. Ubaridi nao usipotee, kwa hiyo nje nimelivisha: blanketi la zamani ndani, turubai juu, nimelishona kwa sindano ile ya viti vya malori. Bomba limevaa koti. Sijawahi kushona koti zuri hivyo.

Mzee alikaa nje na begi lake magotini akitazama malori. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Mgongo tu. Niliogopa sana.

Nimelipandisha darini mahali pa mabomba laini, na saa kumi nikawasha. Nikasikia hatua zake zikiingia chumbani. Nilishika mwiko kama mjinga.

"Bomba," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Bomba linasema lilikuwa kwa fundi, Baba. Linaomba radhi."

Nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

"Mwambie mkamwana nina shati la kufuliwa."

Jumapili, 26 Oktoba

Mchana. Tumetoka kanisani, mimi na Mama Sekela mbele, mzee nyuma kabisa na wazee wenzake. Mzee amekula. Leo kuna upepo wa baridi, nimezima kiyoyozi. Nimekaa jikoni nachambua mchele.

Asukile kapiga, yupo njiani kurudi. Kaniuliza baba anaendeleaje na kifua, nimwambie kweli.

Nimepanda kwenye stuli nikainua simu mpaka kwenye tundu la hewa. Mzee amelala. Pumzi yake inakuja kwenye bati, inaingia na kutoka, polepole, haikwaruzi popote. Tumeisikiliza wote wawili mpaka mkono ukachoka. Nikabadilisha mkono.