Faili la Baba Halifunguki

Jumatatu, 3 Machi 2014
Wiki ya tatu tangu tumzike baba. Dada kaniletea kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Ndani mna faili moja la video, megabaiti arobaini na moja – halifunguki. Siku ile wodini baba alimwambia ategeshe simu imrekodi kisha atoke, ana la kumwambia mama. Mama alikuwa nyumbani, homa imemlaza. Dada akaegemeza simu kabatini, akatoka. Aliporudi, simu imezimika, chaji imekwisha. Kesho yake baba hakuamka. Alichosema hakuna aliyekisikia. Mama kila asubuhi humuuliza: "Bado?"

Jumanne, 4 Machi
Nimelijaribu dukani, ninapowawekea watu video, kwa simu sita. Wapi! Nimetoa daftari langu la kulinganisha aina za mafaili ya video. 3GP – jepesi, simu za bei rahisi zinalimudu, ila sura ukungu mtupu. MKV – hata likikatika, kilichokwisha kuandikwa huonekana. Lakini simu nyingi hulikataa. MP4 – sura safi, simu zote. Ila orodha yake ya ndani huandikwa mwishoni, ukishabonyeza kusimamisha. Bila orodha, simu haijui picha iko wapi, sauti iko wapi. Chini nimeandika kwa wino mwekundu: "MP4 ndiyo bora." Simu ya dada niliipanga mimi irekodi MP4. Kwamba chaji ikiisha katikati faili huharibika, sikumwambia.

Fundi wa simu, jirani yangu wa meza, anasema ipo programu ya kukisia orodha, ikipewa video nzima iliyorekodiwa na simu ileile. "Mtafutie pacha mzima, bosi. Na uache kununa, unatufukuzia wateja!"

Alhamisi, 6 Machi
Nani arekodiwe? Mama kajitolea. Kakaa kitandani, upande wa baba. Akauliza aseme nini. Chochote, nikamwambia. Kisha: "Mume wangu, mwanao ananiambia niseme chochote." Akacheka kidogo, akashindwa kuendelea. Dakika mbili. Imefunguka papo hapo, safi kabisa. Dada alikimbilia jikoni.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi programu imemaliza. Picha: dakika mbili na sekunde kumi. Sauti: sifuri. Nimerudia mara tatu. Sifuri!

Nilitaka kuzima kompyuta, mama huyo mlangoni, mikono imelowa maji. Kamwona baba kwenye kioo. Kavuta kiti. Midomo ya baba inakwenda, kidole juu, kama alivyokuwa akimtania. Mama katabasamu – mara ya kwanza tangu msiba.

"Ongeza sauti, mwanangu."

Nikabonyeza.

"Ongeza basi! Masikio yangu haya!"

Nikabonyeza tena. Sauti ilikuwa mwisho tayari.

Sasa anaitazama mara ya nne, mimi naandika hapa pembeni. Anadhani ni uziwi wa uzee. Sijamsahihisha. Kamtuma dada akaazime spika kubwa kwa fundi. Nasikia geti linafunguliwa.